Kodi ya kesho kujenga mji leo

Swali: Nasikia Chicago hukarabati mji kwa kodi ya baadaye. Je, Mwanjelwa yetu inaweza? Msomaji, Mbeya.

Jibu: Ndugu msomaji, kule thamani ya majengo ya eneo hugandishwa kwenye hesabu ya kodi, kwa kawaida miaka 23. Kodi ya thamani hiyo huendelea kwenda shule na jiji. Nyongeza tu huingia mfuko wa eneo, kulipia barabara, mitaro au mkopo. Thamani ikipanda kutoka bilioni 10 hadi 14, mfuko hupata kodi ya zile 4. Isipopanda, deni linabaki palepale.

Kwetu kikwazo ni kikubwa zaidi: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa kiwango maalumu, si kwa thamani. Karabati duka, paka rangi, weka vigae: kodi ni ileile, nyongeza haizaliwi. Bila uthamini wa kila jengo, halmashauri haina nyongeza ya kodi ya kukopea.