Kiti cha bibi kina pembe ya ndovu, tukiuze au tukichome?

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Niko hapa Bagamoyo mtaa wa Dunda. Bibi yetu mzaa baba ametuachia kiti cha enzi, mpingo mtupu, mgongo na kikalio vimesukwa kwa kamba na kina vipande vyeupe vya pembe ya ndovu vimepachikwa, pia kuna bangili mbili za pembe hiyohiyo. Sasa ndugu tumegawanyika. Kaka kapata mteja wa nje anatoa hela nzuri sana. Mdogo wangu anasema kichomwe moto, ni damu ya mnyama hiyo. Mi naona ni kumbukumbu ya bibi na huyo tembo alishakufa kabla hata baba hajazaliwa, sasa kosa langu liko wapi? Naomba unisaidie. Mjukuu, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Nianze na kaka yako maana lake ndo la haraka, mwambie asiuze na huyo mteja asiendelee kumjibu kabisa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 pembe ya ndovu ni nyara ya serikali hata iwe kuukuu vipi, kukaa nayo bila kibali ni kosa na ukikutwa nayo wewe ndo unatakiwa uonyeshe umeipataje kihalali, watu wanakula miaka 20 jela kwa hilo. Na mteja wa nje naye atakwama, maana biashara ya pembe ya tembo wa Afrika kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989 na Tanzania yetu ilikuwa mojawapo ya nchi zilizopeleka hilo ombi. Hata huko nje kwenyewe, mfano Uingereza, wana sheria yao ya pembe ya 2018, ilianza kazi Juni 2022, hata vitu vya kale kuviuza ni marufuku isipokuwa vichache sana.

Lakini umeniuliza kosa liko wapi, sio sheria inasemaje, na hapo ndo napenda tukae kidogo. Tembo wa bibi kweli hatarudi, ila bei ya kiti chake inamfikia tembo aliye hai leo, kwa sababu pembe mpya inapakwa majani ya chai au inafukizwa moshi mpaka inageuka rangi halafu inauzwa kama ya zamani, na soko la "ya urithi hii" ndo mlango inapopitia. Mwaka 2009 Tanzania tulikuwa na tembo kama 109,000, ikafika 2014 wamebaki kama 43,000, yaani miaka mitano tu, tena wakati ule marufuku ipo miaka 20 na zaidi. Kila anayelipa hela kwa kipande cheupe anamwambia jangili kazi bado ipo. Kwa hiyo mi kwa maoni yangu uchafu hauko kwenye kiti, unaanza pale kinapopewa bei.

Na nyie ni watu wa Bagamoyo, hamuwezi kusema hayawahusu. Pembe zilitoka Ujiji na Tabora, toka Ujiji ni mwendo wa kilomita kama 1,200 kwa miguu, mtu kabeba mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, begani, zikifika hapo kwenu zinapanda majahazi kwenda Unguja na toka huko zinaenda India kuchongwa bangili na Marekani kutengenezwa funguo za piano. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira wao, lakini njia ileile ilipitisha watumwa pia, na wapo waliokufa njiani hakuna aliyeandika majina yao. Hao nao wamo ndani ya kile kiti. Ndo maana simuungi mkono mdogo wako, ingawa moyo wake naupenda sana. Ukichoma unafuta kazi ya fundi aliyekipachika na unafuta ushahidi wa yaliyopita mlangoni kwenu, halafu tembo hapati chochote.

Sasa mfanyeje. Kwanza hakikisheni ni pembe kweli, maana viti vingi vimepachikwa mfupa wa ng'ombe au ngamia. Ukiangalia kwa lenzi, mfupa una vitundu vidogovidogo vyeusi ilikopita damu, pembe ya ndovu haina hivyo na palipokatwa utaona mistari inapishana kama wavu. Msichome na sindano ya moto, mtaharibu bure. Msibandue kipande hata kimoja na msikisafirishe popote, hata Dar. Tafuteni picha za zamani, ile ya harusi bibi kakikalia ndo itawasaidia kuliko maneno elfu, wazee wanaokijua waandike walichokijua na kusaini, mpate barua ya serikali ya mtaa, halafu muongee na mwanasheria kwanza ndipo muende wenyewe ofisi ya wanyamapori kabla hawajaja wao. Nafahamu mnaogopa, hofu hiyo ni ya haki, ndo maana nasema mwanasheria kwanza.

Wakiwaruhusu kaeni nacho, na kila mtoto ahadithiwe yote, na bibi na tembo na mpagazi. Kama hakuna wa kukitunza kipelekeni makumbusho kihalali, hapo Bagamoyo kwenyewe kuna pa kukiweka. Bangili mi ningewaombeni msizivae kwenye shughuli wala kuzipost, mtu akiziona zinapendeza kesho atataka zake na hizo zake zitatoka kwa mnyama aliye hai.

SWALI: Habari Bi. Sisi tuko Tanga, sebuleni kuna gamba la ng'amba la babu alikuwa mvuvi, wageni wanalisifia sana. Nalo ni shida? Msomaji, Tanga.

JIBU: Nzuri mwanangu. Ndio, shida ni ileile, kasa wote wanalindwa na huyo ng'amba ndo hasa aliyemalizwa kwa ajili ya gamba lake, litengenezewe vitana na vijisanduku. Tena nyie mko jirani na Pangani, kisiwa cha Maziwe kilikuwa mazalio makubwa ya kasa, miti ikaisha, bahari ikakila, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa na mayai inabidi yahamishiwe ufuo wa Ushongo, huku bara, ili yaanguliwe. Lishusheni ukutani, nendeni ofisi ya uvuvi mkaulize utaratibu, na mgeni akilisifia tena mwambieni habari ya Maziwe. Akiuliza bei msimjibu.