Immediately imetoka wapi
Mdogo wangu umeuliza kama immediately, lile neno la Kiingereza la kusema sasa hivi, ni Kilatini tupu, hapana, ni nusu nusu. Mzizi ni medius, yani katikati, ndo huohuo uliozaa jina la bahari ya Mediterania, ile iliyo katikati ya nchi kavu, halafu mbele ikawekwa in ya kukanusha ambayo ikikutana na m inageuka im, basi immediatus ikawa kitu kisicho na kingine katikati, kama mvuvi anavyomuuzia mama dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bila dalali kusimama kati yao. Ile maana ya sasa hivi imetokea humohumo, hakuna muda katikati. Ila hiyo -ly ya mwisho siyo Kilatini kabisa, ni Kiingereza cha kale, -lice, hapo usichanganye.