Barua ya chifu haiuzi shamba la marehemu

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi wa magari hapa Kayole. Mwezi wa pili nilionyeshwa ploti ya hamsini kwa mia kule Joska, bei Sh850,000. Anayeniuzia ni kijana wa mwenye shamba. Mzee alifariki mwaka wa 2016 na hati miliki ya shamba zima bado ina jina lake. Kijana ana barua ya chifu inayosema yeye ndiye kifungua mimba na ndiye anayesimamia boma. Ana pia hati ya kiapo yenye muhuri, na mkataba tuliandikiwa na wakili wake hapa mjini. Nimeshalipa Sh600,000. Sasa anataka salio lote ndipo aanze kunitolea hati yangu, na nikichelewa kuna mtu mwingine amepiga bei. Mjenzi wangu yuko tayari kuchimba msingi. Nikimaliza kulipa, karatasi hizi zinatosha kunipa hati kwa jina langu?

JIBU: Marahaba, fundi. Hazitoshi. Usimpe hata shilingi moja ya hilo salio, na mjenzi wako mwambie aweke sururu chini.

Barua kama yako hunifikia karibu kila wiki, na karatasi ni zilezile. Mtu huja afisini na bahasha ya kaki iliyolainika pembeni kwa kubebwa kwenye matatu, anazitoa moja moja kwa heshima na kuzipanga mezani: nakala ya hati miliki ya marehemu, barua ya chifu, hati ya kiapo, mkataba. Kisha anaweka kidole juu ya ule muhuri mwekundu na kuniuliza, "Hii si ni ya kortini, wakili?" Huo muhuri ndio unaoninyima usingizi. Ungepigwa marufuku kesho, nusu ya watu wanaotapeliwa ploti katika mji huu wangeamka.

Basi tuanze nao. Kamishna wa viapo anapogonga muhuri kwenye hati ya kiapo anasema jambo moja tu: mtu huyu amefika mbele yangu, akaapa, akatia sahihi. Hajasema kwamba maneno yaliyo juu ya sahihi ni ya kweli, na hana kazi ya kuyachunguza. Ukiapa leo kwamba wewe ni mjukuu wa Fumo Liyongo na minazi yote ya Pate ni yako, utapigiwa muhuri uleule, kwa wino uleule, na nazi moja hutaangusha. Ukiapa uongo ni kosa la jinai, sawa, lakini hilo ni tatizo la aliyeapa. Wewe uliyemwamini halikurudishii pesa.

Barua ya chifu nayo ina kazi yake, tena kazi muhimu. Familia ikienda mahakamani kufungua mirathi, chifu wa pale marehemu alipoishi ndiye huandika kuthibitisha walioachwa: mjane au wajane, watoto wote, na majina yao. Barua hiyo inatakiwa na mahakama, iwekwe ndani ya faili. Chifu hana mamlaka ya kumteua msimamizi wa mali ya marehemu, sembuse kuruhusu kipande cha shamba kiuzwe. Maneno "anasimamia boma" yanaweza kumaanisha ndiye anayeita mikutano ya familia na kulipa karo ya wadogo zake. Katika sajili ya ardhi hayana maana yoyote.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iko wazi hapa kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kwa kuuza, kugawa au kuimiliki, kama hana idhini ya sheria. Anayefanya hivyo anatenda kosa linaloweza kumfunga hadi mwaka mmoja, au faini isiyozidi Sh10,000, au vyote viwili. (Faini hiyo iliwekwa zamani za shilingi ya maana. Siku hizi dalali wa Joska anaipata kabla ya chai ya saa nne.) Hata mtu akishapewa barua za usimamizi na mahakama, bado haruhusiwi kuuza ardhi. Kifungu cha 82 kinamtaka asubiri barua hizo zithibitishwe, na uthibitisho kwa kawaida huombwa miezi 6 ikishapita tangu zitolewe. Kabla barua hizo hazijatolewa, ombi la familia huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kujitokeza. Kijana wako hajafika hata mlango wa kwanza, maana kama kungekuwa na faili angekwisha kukuonyesha namba ya kesi. Hiyo ndiyo karatasi ambayo haimo ndani ya bahasha yako.

Kuna jambo hujaniambia nami lazima nikuulize: mama yao yu hai? Na wako wangapi? Mzee akifa bila wosia na ameacha mke mmoja na watoto, mke huchukua vyombo vya nyumbani na hukaa juu ya mali iliyobaki maisha yake yote, watoto wakisubiri. Hata yeye mwenyewe hawezi kuuza ardhi hiyo bila watoto waliofika utu uzima kukubali na mahakama kuridhia. Mama asipokuwepo, watoto wanagawana sawasawa. Nasema watoto. Wale mabinti walioolewa Kitui na Mombasa wamo. Aliyezaliwa nje ya ndoa, na marehemu alimtambua kuwa wake, yumo. Neno "kifungua mimba" halina uzito wowote katika sheria hii, na kila ninapoliona kwenye mkataba wa kuuza ploti najua kuna dada mahali fulani ambaye hajaulizwa.

Dada huyo siku moja huja. Miaka michache iliyopita nilimwakilisha mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba aliyenunua kwa karatasi kama zako, akajenga vyumba viwili vya mawe, akaweka tangi la maji, akapanda na mpapai mbele. Mpapai ulikuwa umezaa mara ya pili binti za marehemu walipofungua mirathi. Majina yao hayakuwa kwenye ile barua ya chifu. Tuliingia mahakamani na mkataba wetu mkononi, na swali la kwanza kutoka kwa hakimu lilikuwa fupi: "Aliyekuuzia alipewa na nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu halikuwepo. Ploti ilirudi kwenye mali ya marehemu na mama akabaki anamdai kijana pesa. Kijana alikuwa ameshanunua bodaboda na kuigonga.

Hapo ndipo na wewe ulipo sasa, fundi, na sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zile Sh600,000 hukumpa marehemu, wala hukuipa familia. Ulimpa kijana. Deni ni la kijana, halijaingia kwenye mali ya mzee. Tumaini lako kubwa ni kwamba yeye ni mrithi, na fungu lake likishajulikana linaweza kutosha ploti yako. Mwandikie barua, au mwambie wakili wako amwandikie, kwamba salio limesimama mpaka familia ifungue mirathi. Omba kikao na wote, mama yao akiwepo kama yu hai. Kama wako tayari, wafungue faili, wapate barua za usimamizi, na wakati wa kuomba uthibitisho waandike katika mgao kwamba kipande chako kinatoka kwenye fungu la kijana, na kila mmoja atie sahihi ya kukubali. Hilo hufanyika, na mahakama huidhinisha pale wote wanapokubaliana. Wakianza kuvutana, jaji wa mirathi mara nyingi humwambia mnunuzi aende zake Mahakama ya Mazingira na Ardhi akadai huko, na hiyo ni safari nyingine.

Nikupe na habari ya bodi ya ardhi, kwa sababu muuzaji hajakutajia. Kama shamba lile bado ni la kilimo, na kule Joska mengi yalikuwa hivyo kabla ya mabroka kuyakata vipande, kuligawa na kuliuza kunahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Wewe hesabu tangu mwezi wa pili. Nani atakwenda mbele ya bodi kama mwenye shamba? Aliyeandikwa kwenye sajili amezikwa. Sheria hiyohiyo inasema mauzo bila kibali ni batili na pesa zilizolipwa zinaweza kudaiwa kama deni. Majaji wamevutana kwa miaka juu ya mnunuzi aliyelipa na kukaa juu ya ardhi bila kibali, na wengine wamemhurumia. Lakini hao walinunua kutoka kwa mwenye shamba aliye hai. Usijipe moyo kwa kesi zao.

Na huyo wakili "wake". Huyo ndiye anayenikasirisha kuliko kijana. Kijana ana njaa ya pesa, naelewa. Wakili aliyeona hati yenye jina la mtu aliyekufa mwaka wa 2016, akachapa mkataba wa mauzo, akachukua ada na kukuacha uondoke na tabasamu, alijua. Kama kweli ni wakili. Kuna watu mjini wana kiti, kompyuta na muhuri wa kuchonga, na kazi yao ni kuuza maneno "mbele ya wakili". Chama cha Mawakili cha Kenya kina ukurasa wa kutafuta jina la wakili kwenye mtandao. Andika jina, uone kama ana leseni ya mwaka huu, maana leseni hutolewa mwaka kwa mwaka. Ukimkuta yumo na bado alifanya hivyo, Tume ya Malalamiko ya Mawakili inapokea malalamiko ya mwananchi. Ukimkuta hayumo, nenda polisi.

Hata wakili halisi, mwenye leseni, kama ameitwa na muuzaji basi anamlinda muuzaji. Watu wanachanga pesa ya ploti miaka 5, kisha wanaona ada ya wakili wao wenyewe ni hasara. Kwako wewe ni kama mteja anayenunua gari la mtumba na kumtuma muuzaji mwenyewe akakague injini. Wewe ungemcheka.

Wengine watasoma hapa na kusema, basi mimi nina hati miliki mkononi, niko salama. Tulieni kidogo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati. Majaji walirudi nyuma hadi ugawaji wa kwanza wa mwaka wa 1989, wakakuta ardhi ilikuwa ya umma na utaratibu haukufuatwa, na hati ya mnunuzi ikaanguka nao. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaiheshimu hati, ila si iliyopatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa kukiuka utaratibu. Kama mwenye hati halisi anaulizwa mizizi ya hati yake, wewe mwenye barua ya chifu utaulizwa nini?

Kwa hiyo kila mtu anayeambiwa "hati iko kwa jina la mzee lakini sisi tumekubaliana" na aondoke. Kanisani, kwenye chama, kazini, nimesikia watu wakiuziana hivi kwa imani kwa sababu "wote tunajuana". Wale dada hamjuani nao. Na anayekuharakisha kwa habari za mnunuzi mwingine, mwache huyo mnunuzi alipe. Katika miaka yangu yote sijamwona.

Rudi kwako. Juma hili, kabla ya kikao chochote, fanya upekuzi rasmi wa ile hati kwenye sajili ya ardhi Machakos, ile watu huita sachi. Jina la mzee unalijua tayari. Unachotafuta ni kama benki inaidai ile ardhi, au kama kuna mtu ameweka tahadhari juu yake, yaani zuio la kuiuza. Huenda dada ameshakutangulia. Beba nakala ya hati, kitambulisho chako na PIN ya KRA. Namba ya shamba inakili herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye hati, hata mkwaju (/) usiuruke, la sivyo utasomewa shamba la mtu mwingine.