Maswali ya Wasomaji: Bata wa Mwanangu Ameumwa na Mbwa

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Nyamasaria, Kisumu. Mwanangu mwenye umri wa miaka 11 amemlea bata jike tangu alipoanguliwa, na bata huyo humfuata kila aendako, hata dukani. Jumapili jioni mbwa tusiyemjua aliruka ua akamkamata bata mgongoni. Mtoto alimnyang'anya mbwa kwa mikono yake, akachubuka kidogo kidoleni. Bata tulimpaka majivu na mafuta ya taa. Leo ni siku ya nne: bawa la kushoto linaning'inia, chakula anadonoa kidogo tu, na ameanza kutoa harufu. Baba watoto anasema achinjwe kabla hajafa bure, lakini mtoto halali kwa huzuni. Tufanye nini?
Mama wa watoto watatu, Nyamasaria

JIBU: Mama, nilikupigia simu siku ile ile niliyoisoma barua yako, kwa sababu limo jambo moja ambalo halingeweza kungoja toleo hili, na jambo hilo si bata. Ni kidole cha mwanao. Kichaa cha mbwa huenezwa na mate, na mchubuko mdogo unatosha kuyapitisha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Mtoto aliyechubuliwa na mbwa asiyejulikana huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, na hata siku zikiwa zimepita bado apelekwe, tena amalize sindano zote alizopangiwa. Nilifarijika uliponiambia kwamba mmeshaanza. Bata mwenyewe hashikwi na ugonjwa huo, kwa kuwa ni wa wanyama wanaonyonyesha, lakini mate ya mbwa hubaki kwenye manyoya yake. Kwa hiyo anayemshughulikia saa za mwanzo avae glavu, au hata mifuko safi ya nailoni mikononi.

Sasa nimgeukie bata. Majivu na mafuta ya taa yaacheni kabisa. Najua mlifanya hivyo kwa nia njema, na wengi wetu ndivyo tulivyoona wazee wakifanya, lakini mafuta ya taa huunguza nyama mbichi na kuharibu manyoya, nayo majivu huziba tundu la jino huku uchafu ukiwa ndani. Jino la mbwa huingia kama msumari: juu unaona alama isiyozidi kichwa cha kiberiti, ilhali chini ya ngozi nyama imepasuka na vijidudu vya kinywani mwa mbwa vimeshapandwa humo. Harufu unayoisikia inatoka huko.

Mfungeni kwa taulo mabawa yakiwa yamekunjwa na kichwa kikiwa nje, mwanao amshike na kumfunika macho kwa kiganja, maana bata asiyeona hutulia. Chemsheni lita moja ya maji, mtie chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, mwache yapoe hadi yawe vuguvugu. Kateni kwa mkasi manyoya yanayozunguka jeraha, wala msiyang'oe, kwa kuwa ngozi ya ndege ni nyembamba na huchanika. Kisha tumieni bomba la sindano lisilo na sindano kusukuma maji hayo ndani ya kila tundu mpaka yanayotoka yawe safi. Fanyeni hivyo asubuhi na jioni. Ayodini ya majeraha inafaa ikizimuliwa hadi ifanane na chai nyepesi ya rangi, spirit isitumike.

Mkiwa hapo, pekueni manyoya yote, hasa chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Nzi hutaga vijiyai vyeupe vilivyoshikana kama chembechembe za wali, na katika joto la Kisumu funza wanaweza kutoka kabla ya siku moja kwisha. Watoeni kwa kibano mmoja mmoja, na bata akae ndani ya chandarua mpaka kidonda kifunge. Pia pitisheni kidole taratibu juu ya ngozi: ikiwa imevimba na inatoa mchakacho kama karatasi ya nailoni, basi kifuko cha hewa kimetobolewa, na hilo ni la daktari wa mifugo.

Kwa vyovyote vile, daktari wa mifugo anahitajika hapa, kwa sababu jeraha la meno lililofikisha siku nne likinuka halitapona kwa kuoshwa peke yake. Tafadhali msinunue unga wa antibayotiki wa kukisia kijikoni. Bata apimwe uzito, na dawa ipimwe kwa uzito huo. Kumbusheni anayewahudumia kwamba ni ndege, kwa sababu baadhi ya sindano za penisilini huwa na prokaini, ambayo inaweza kuwadhuru ndege. Mayai atakayotaga msiyale mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Bawa linaloning'inia likunjwe lilivyo kawaida yake na kufungwa kwa bendeji inayozunguka mwili, lakini isikazwe. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, na bendeji iliyokazwa kifuani humnyima pumzi. Mifupa ya ndege huunga upesi, mara nyingi ndani ya wiki tatu.

Awekwe kwenye katoni mahali penye giza na utulivu, na chupa ya maji moto iliyozungushiwa kitambaa iwe kando yake usiku, kwa kuwa mwili wa bata hudumu kwenye nyuzi 41 hadi 42, na mgonjwa hushindwa kujitunzia joto hilo. Msimmiminie maji wala uji kinywani: njia ya hewa imefunguka nyuma tu ya ulimi, na tone likipotea huingia mapafuni. Mwekeeni beseni linalotosha kuzamisha mdomo na pua, kwa sababu bata asiyeweza kuosha pua huziba. Chakula kiwe unga wa vifaranga uliolowekwa, sukuma wiki iliyokatwa ndogondogo, na omena zilizolowekwa zikatoka chumvi, maana manyoya mapya hujengwa kwa protini.

Kuhusu kumchinja, mwambie baba watoto kwa heshima kwamba nyama ya ndege mwenye usaha na aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana si ya kuliwa na familia. Daktari akiona kwamba mateso yamezidi na hakuna tumaini, atamwondoa bila maumivu, na mtoto aambiwe ukweli. Lakini bata ambaye siku ya nne bado anadonoa, mimi simkatii tamaa.

Akipata nafuu, banda lenu la usiku lisizungushiwe senyenge ile nyembamba ya kuku peke yake, kwa kuwa humzuia kuku asitoke lakini mbwa huirarua. Wekeni wavu mzito wa chuma, na uzikwe chini kiasi cha futi moja. Mtoni asirudi haraka. Kidonda kikishafunga kabisa, mwageni maji kikombe kimoja mgongoni mwake: yakimlowesha mpaka ngozini, mafuta ya manyoya hayajarudi, naye anaweza kulowa, kupata baridi na hata kuzama. Yakiteleza kama kwenye jani la nduma, mwanao amsindikize majini.