Wasomaji Wanauliza: Hamira Inaishije Kwenye Uchachu?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi naoka mikate ya kuuza hapa Tanga. Unga nikiukanda jioni nikaulaza, asubuhi unanuka uchachu lakini umeumuka vizuri tu. Juzi jirani kanishauri nitie siki mkate usiote ukungu haraka, nikatia, unga ukagoma kabisa. Sasa mbona uchachu wa kulala hauiui hamira ila wa siki unaikomesha?
*Mama wa mikate, Tanga*

JIBU: Nzuri mama, na pole kwa unga. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba ndani ya seli ya hamira hakuna uchachu. Nje panaweza kuwa pH 4 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi, 7 ni katikati), ila ndani, kama inakula vizuri, inashikilia karibu na 7, na kwa kuwa kila namba moja ya pH ni mara kumi, basi hapo tofauti ni mara elfu moja. Na haiji bure. Kwenye utando wa seli kuna protini inaitwa Pma1, ni pampu, kazi yake usiku na mchana ni kusukuma protoni, yaani zile chembe zinazoleta uchachu, kutoka ndani kwenda nje, ni kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaovuja, akiacha tu kuchota maji anazama. Pampu inatumia ATP, yaani molekuli inayobeba nguvu ya seli, na makadirio yanaanzia kama asilimia 20 ya nguvu yote ya seli, mengine yanaenda juu zaidi. Hebu fikiria, kiumbe hakionekani kwa macho halafu sehemu kubwa hivyo ya nguvu zake inaishia kwenye kutoa uchachu nje!

Sasa siki. Protoni ikiwa peke yake ina chaji ya umeme, haipenyi utando hivi hivi. Lakini asidi ya siki, pH ya nje ikiwa chini ya kama 4.8, sehemu kubwa yake inakuwa bado imeshikana na protoni yake, haina chaji, kwa hiyo inapenya, na ikishafika ndani kwenye 7 inaiachia protoni palepale. Pampu inatoa, siki inaleta nyingine, pampu inatoa tena, na ATP yote inaishia huko badala ya kwenda kwenye kukua. Uchachu wa unga uliolala ni mdogo, alafu sehemu yake ni asidi ya laktiki ambayo kwa pH hiyo nyingi inakuwa na chaji tayari, haipenyi kirahisi. Asidi za benzoiki na sorbiki wanazotia kwenye juisi za chupa zinafanya kazi kwa njia inayofanana na ya siki. Kwa mkate, waokaji wengi wanatumia kalsiamu propioneti kwa sababu inazuia ukungu lakini hamira haiisumbui sana, kwa hiyo we ulizia hiyo kwenye maduka ya vifaa vya kuokea, siki punguza.

SWALI: Kaka nauliza fupi tu. Kwa nini unga usiotiwa sukari unachelewa kuumuka wakati ngano yenyewe ina wanga kibao?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Wanga hamira haiwezi kuula. Vimeng'enya vya ngano yenyewe ndo vinaukatakata kuwa sukari iitwayo maltosi, na hapa ndipo uchachu na chakula vinapokutana, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sukari ya dukani hamira inaivunja hukohuko nje kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zinaingia zenyewe bila gharama, kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache. Maltosi haiingii hivyo. Inaingia pamoja na protoni, zilezile ambazo Pma1 ilizitoa nje, zinarudi ndani zikiivuta maltosi, alafu pampu inabidi izitoe tena. Amino asidi nyingi, zile zinazojenga protini, zinaingia hivyo, fosfeti pia. Kwa hiyo kutoa uchachu na kuingiza chakula kwa hamira ni kazi moja, huwezi kuzitenganisha. Na glukosi ikiwa bado ipo jeni za maltosi zinakuwa zimezimwa, mpaka ziwashwe ndo unaona unga kama umesimama.

SWALI: Mwalimu, mi nasoma bayolojia chuo mwaka wa 2. Tumeambiwa vakuoli ya hamira ni sehemu ya kutupia taka. Ni hivyo tu? Na chakula kikiisha inakuwaje?
*Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Hapana, na inaniuma sana wanafunzi wakiachiwa hapo. Vakuoli, kile kifuko kilicho ndani ya seli, ndo sehemu yake chachu, pH kama 5 hadi 6, inashikiliwa na pampu nyingine, V-ATPase, na kwa nguvu ya uchachu huo seli inaweka humo akiba ya arginini (amino asidi yenye nitrojeni nyingi), kalsiamu, zinki, na fosfeti zilizounganishwa minyororo mirefu. Nitrojeni ikiadimika inachukua humo. Tena inaanza kupeleka vipande vyake yenyewe humo ndani visagwe vitumike upya, na Yoshinori Ohsumi wa Japani aliliona hilo kwa darubini kwenye hamira aliyoinyima chakula, akachapisha mwaka 1992, Nobel akapata 2016. Ukitaka ushahidi wa umuhimu wake, hamira iliyoharibiwa V-ATPase inakua kwenye pH 5 lakini kwenye 7.5 haikui.

Glukosi ikiisha, ndani ya dakika chache V-ATPase inaachana vipande viwili, Pma1 inapunguza kasi, pH ya ndani inashuka kuelekea 6 au chini yake na sitoplazimu, yaani ule ute wa ndani ya seli, inakuwa nzito. Ukirudisha glukosi, pampu inajiunga tena, nayo ni dakika tu.

Kuna na la uzee. Mwaka 2012 Adam Hughes na Daniel Gottschling huko Seattle walionyesha kwamba seli mama ya hamira inapoteza uchachu wa vakuoli mapema, kabla mitokondria, vile viungo vya seli vinavyotengeneza nguvu, hazijaharibika, wakati binti, yaani seli mpya, anayechipuka anaanza na vakuoli yenye uchachu wake kamili. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba Pma1 nyingi inabaki kwa mama, na kwa kuwa inatupa protoni nje, vakuoli yake inapungukiwa. Utafiti wa 2020 ukaongeza kwamba vakuoli ikipoteza uchachu, sisteini, amino asidi nyingine, inajaa kwenye seli na kuvuruga upatikanaji wa madini ya chuma ambayo mitokondria zinayahitaji.