Pima Wi-Fi ukitembea, simu ikiwa mkononi

Ndugu yangu unayeanza kazi ya kufunga Wi-Fi, laptopu iache mezani. Chukua simu ya kawaida kama zile wanazotumia wateja, piga WhatsApp, kisha zunguka jengo zima ukiongea. Pale sauti inapokatakata ndipo pa kuanzia kazi.

Mimi nilijifunza hili kwenye hospitali moja ya ghorofa tatu. Manesi walilalamika kuwa simu zinakatika wakitoka wodi moja kwenda nyingine, ilhali ukipima spidi ukiwa umekaa unapata namba nzuri. Nikapandisha nguvu ya kila AP, kile kisahani cheupe cha darini kinachorusha Wi-Fi, hadi mwisho. Hali ikawa mbaya zaidi.

AP ina umeme wa kutosha, mawimbi yake yanafika hadi mwisho wa korido. Simu ina betri ndogo; inaisikia AP vizuri, ila majibu yake hayafiki. Mwenye simu anaona alama ya Wi-Fi imejaa na bado hasikiki. Tena anayeamua kuhama kutoka AP moja kwenda nyingine ni simu yenyewe, na ikiendelea kuisikia AP ya zamani huing'ang'ania hadi spidi inaporomoka. Hapo inaumiza na wengine, maana hewa ni moja na kila kifaa husubiri zamu. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ya baiti 1,500 ikienda kwa Mbps 1 inakula milisekunde 12 za hewa. Kwa Mbps 54 haifiki hata robo ya milisekunde. Simu moja iliyo mbali inaweza kuichelewesha wodi nzima.

Nikashusha nguvu zikaribiane na za simu, nikazima spidi za Mbps 1 na 2, na kwenye masafa ya GHz 2.4 nikabaki na chaneli 1, 6 na 11 ili AP jirani zisiingiliane. Kwa simu za sauti ninalenga dBm -67 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) au yenye nguvu zaidi, yaani karibu zaidi na sifuri, kila mahali, na AP ya pili isikike kabla ya kwanza kufifia.

WMM, inayotanguliza sauti na video mbele ya data nyingine, iwashe. Lakini hiyo inapanga foleni tu, haiongezi hewa. Kagua pia kama swichi, vile vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao, hazifuti alama za kipaumbele za pakiti njiani. Mafundi wengi hawagusi hapo kabisa.

Siku ya kukabidhi kazi, mwombe nesi mzunguke pamoja, yeye akipiga kwa simu yake. Kila aina ya simu huhama kwa tabia yake.