Redio ya Chombo cha Angani Hupimwaje Ikiwa Bado Maabara?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi simu hapa Ilula, mkoani Iringa. Simu niliyoitengeneza huijaribu kwa kupiga, na ikikubali dukani mteja huondoka nayo, ingawa wapo wanaorudi wakilalamika kwamba kwenye kona za mlima Kitonga haikushika mtandao. Je, redio ya chombo kinachokwenda mamilioni ya kilomita hupimwaje kabla ya safari?

JIBU: Ndugu msomaji, lalamiko la wateja wako ndilo wanaloliogopa hata wahandisi hao, ila chombo chao kikishaondoka hakirudi dukani.

Umbali wenyewe hauna tabu kuuiga. Redio mbili huunganishwa kwa waya, na katikati hupachikwa kifaa kinachofifisha mawimbi hadi yawe hafifu kama yaliyomaliza safari nzima, huku kompyuta ikiuzuia kila ujumbe kwa muda ambao ungekaa njiani. Kwa ujumbe wa kwenda sayari ya Mirihi, muda huo ni kati ya dakika 3 na 22 hivi. Antena hupimwa katika chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kwa sponji zilizochongoka zenye kaboni, zinazomeza mawimbi yasirudi kama mwangwi.

Kinachosahaulika kwa urahisi ni mwendo. Honi ya lori linaloshuka Kitonga huwa nyembamba likikujia na nzito likishakupita, na mawimbi ya redio hubadilika vivyo hivyo. Chombo cha Cassini kilirushwa kuelekea sayari ya Zohali Oktoba 1997, kikiwa kimebeba chombo kidogo cha Huygens, lakini kipokezi cha Cassini cha kusikiliza Huygens hakikuwa kimepimwa kikamilifu kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2000 mhandisi Boris Smeds wa Shirika la Anga za Juu la Ulaya alikirushia Cassini mawimbi kutoka duniani yaliyoiga yale ya Huygens pamoja na mwendo wake, na ikaonekana kwamba kipokezi kiliyasikia vizuri lakini kilipoteza data nyingi, wala programu yake haikuweza kurekebishwa kutoka mbali. Ikabidi ibadilishwe njia ya Cassini yenyewe, ili vyombo hivyo visikaribiane kwa kasi kubwa wakati wa mawasiliano. Huygens kilitua kwenye Titan, mmoja wa miezi inayoizunguka Zohali, tarehe 14 Januari 2005, na picha zikafika.

Nawe unaweza kuiiga Kitonga hapo dukani: izungushie simu karatasi ya foili bila kuiziba kabisa, uipigie, kisha uzungushie vivyo hivyo simu nyingine isiyo na hitilafu, ya mtandao uleule, ulinganishe.